Vipimo Arobaini vya Kishindo

Nianze kwa kuua uongo mmoja. Wapo wanaosema kwamba siku ile ya kuzindua ukumbi mpya, sisi wapulizaji wa bendi ya wafanyakazi wa manispaa tulikula njama na mpiga ngoma wetu ili kumwaibisha kiongozi. Hatukula njama yoyote. Bendi ile haijawahi kukubaliana hata rangi ya soksi, itaweza njama? Kilichotokea kilitokana na mwanamke mmoja mfupi, mke wa marehemu kaka yangu. Nitakieleza kilivyokuwa, kwa sababu nilikuwepo na tuba mapajani, na kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisimulia wasichokijua.

Kwenye bendi wanamwita Kishindo. Mimi namwita shemeji, naye ananiita shemeji, na tangu aolewe nyumbani kwetu sijamshinda kwa maneno hata siku moja. Ni mfupi kiasi kwamba akijifunga ngoma kubwa kifuani, ukimtazama kwa mbele unaona ngoma, kofia na miguu miwili. Mama yangu, yaani mkwewe, alipomwona hivyo mara ya kwanza alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Mwanangu, hao ni mapacha au ni watatu?"

"Sijui, mama," shemeji akajibu. "Ila wameanza kulia kabla ya kuzaliwa."

Kazi yake ni udobi hospitalini. Si udobi wa beseni na kamba. Chumba chao kina mashine nne kubwa za kufulia, mbili za kukamulia, na rola ndefu ya pasi inayomeza shuka upande huu na kulitoa upande ule likiwa limenyooka. Sakafu haikauki, ndiyo maana mimi, fundi bomba wa manispaa, nakijua chumba hicho kuliko sebule yangu. Mashuka huingia kwa toroli yakiwa na kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa, hutoka meupe. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na ole wako umwonee huruma. "Nitajie mtu mmoja aliyelazwa hapa bila kulala juu ya kazi yangu," atakuambia, na utakosa wa kumtaja.

Kwenye bendi aliingia kwa kutumwa. Kaka yangu ndiye aliyekuwa ngoma kubwa. Siku moja kifua kilimbana, akamtuma mkewe aje kumwambia kiongozi kwamba hataweza kutembea na bendi. Shemeji akafika, akatoa ujumbe, kisha badala ya kugeuka akauliza, "Sasa mnatembea na nani?" Hapakuwa na mtu. Akaiinua ngoma akaivaa. Nyimbo zote alizijua, kwa maana kaka alikuwa akifanyia mazoezi mezani na vijiko viwili mpaka chakula kinapoa. Kiongozi akasema sawa, kwa muda tu. Kaka hakupona, tukamzika mwaka ule ule. Hiyo "kwa muda tu" ilikuja kutimiza miaka kumi na tisa.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la kibendi, la sivyo mbele hatutaelewana. Asiyejua bendi hudhani kwamba mwenye fimbo ndiye mtawala. Tukiwa tumeketi, naam. Lakini tukitembea barabarani kiongozi yuko mbele, ametupa mgongo, na nusu yetu hatumwoni. Anayetusimamisha ni ngoma kubwa. Wimbo ukikaribia mwisho, mpigaji hupiga mapigo mawili mazito ya haraka yanayokatisha mdundo. Sisi tunayaita "mbili". Ukisikia mbili, unamalizia pale ulipo, unakata, unashusha chombo chako. Hufikiri, wala huulizi. Mpulizaji mgeni hufundishwa mbili kabla ya kufundishwa kupuliza. Mimi mwenyewe niliwahi kusikia mlango ukibamizwa na upepo mara mbili, nikashusha kikombe cha chai ambacho sijakinywa.

Basi siku moja nilikwenda kwenye chumba cha kufulia kubadilisha koki iliyochoka. Nikamkuta shemeji amesimama katikati ya mashine, ana kalamu na kipande cha boksi la sabuni, anaandika vinukta.

"Orodha ya nini hiyo?"

"Nyamaza, shemeji. Sikiliza. Namba tatu inachelewa kidogo, umeisikia? Sasa inazifukuza wenzake. Subiri. Subiri... hapo!"

Mashine zote nne zikapiga pigo moja kwa pamoja, puu, kisha zikaachana, kila moja ikashika njia yake. Mle ndani nimepita miaka chungu nzima nikasikia makelele tu. Nilisimama na spana mkononi nikisubiri zikutane tena, na zilipokutana nilicheka peke yangu.

"Huo ni wimbo," shemeji akasema. "Hauna tu wa kuuandika."

Akauandika. Ilimchukua miaka miwili. Nota nilimfundisha mimi, kwa kitabu kile kile wanachopewa wanafunzi wa bendi. Nilichojifunza mimi kwa miaka mitatu yeye alikimaliza kwa miezi mitatu, halafu akaanza kuniuliza maswali ambayo nilijifanya sijayasikia. Sauti za vyombo vya kupuliza aliniimbia huku akikunja mashuka, nami nikazijaribu kwenye tuba jioni barazani kwake, majirani wakivumilia. Alikuwa mkali. "Hapana, shemeji, hapo unapuliza kama mtu aliyeshiba. Nataka mtu anayesubiri majibu ya vipimo vya mwanawe." Klarineti ziliteleza taratibu, hilo ndilo shuka likipita kwenye rola. Tromboni zilikuwa toroli kwenye korido. Na ngoma, ngoma hazikukaa nyuma kusindikiza watu. Zilitembea mbele, wengine wakazifuata. Akauita Zamu ya Asubuhi.

Katikati aliweka kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye karatasi ya bendi yoyote. Muziki ulioandikwa umegawanywa katika vyumba vidogo, kila chumba na midundo yake minne. Ndivyo tunavyoviita vipimo. Yeye aliandika vipimo arobaini vya ngoma peke yake: ngoma kubwa, ngoma ndogo na matoazi. Wapulizaji wote ishirini na wanne, kimya.

"Shemeji, arobaini ni vingi," nikamwambia. "Sisi tutakuwa tunafanya nini?"

"Mtahesabu."

"Tuhesabu tu?"

Akaweka kalamu chini. "Nyinyi mnapopuliza tarumbeta zenu, mimi nafanya nini kule nyuma? Kuna nyimbo nahesabu vipimo sitini nikiwa nimesimama, nipige ngoma mara moja, nianze kuhesabu tena. Nikikosea, wote mnageuka kunitazama. Miaka kumi na tisa nimewahesabia. Nawaomba arobaini tu, na nyinyi mnihesabie mimi."

Nilinakili karatasi za kila chombo kwa mkono wangu, na kwenye kila moja nikaandika 40 kubwa juu ya mstari mtupu.

Kiongozi wetu tunamwita Bwana Fimbo, kwa sababu ya ile fimbo yake nyembamba ya kuongozea, ambayo huifuta kwa leso kabla ya kila wimbo. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyesikilizwa muda mrefu mno. Manispaa ilikuwa inakaribia kuzindua ukumbi mpya, alitaka wimbo mpya na hakuwa nao, kwa hiyo nilipomkabidhi karatasi alifurahi mpaka akanipiga begani.

"Nilijua siku moja tuba itatoa akili!"

"Si wangu, bwana. Ni wa shemeji."

Akacheka, akaangalia karatasi, akaangalia kule nyuma ambako shemeji alikuwa anakaza kamba za ngoma, akaacha kucheka. Lakini siku zilikuwa zimekwisha, akaupokea.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa aibu, nami sioni kwa nini niifiche. Tulipofika kwenye vipimo arobaini, wapulizaji ishirini na wanne tuliingia mahali ishirini na nne. Klarineti waliingia kwenye kipimo cha thelathini na moja kwa uhakika wa watu waliofika kwao. Saksofoni hawakuingia kabisa, walikuwa wanazungumza habari za mpira. Mimi niliyenakili karatasi kwa mkono wangu mwenyewe niliingia cha thelathini na sita. Seremala wa manispaa, mzee mpole anayepiga matoazi, alicheka mpaka matoazi yakalia yenyewe.

"Mnaona sasa?" shemeji akasema kutoka nyuma. "Nayo ni kazi."

Wiki iliyofuata Bwana Fimbo alikuja amezipiga karatasi zote mstari mwekundu. Mstari ulianzia kwenye nota ya mwisho kabla ya ngoma, ukaruka vipimo vyote arobaini, ukatua kwenye nota ya kwanza baada yake. Pamoja na hizo alileta ratiba ya uzinduzi, imeshachapwa. Ilisema: Zamu ya Asubuhi, wimbo wa bendi, umepangwa na Kiongozi wa Bendi.

Shemeji aliisoma akiwa amesimama. Akaja mbele bila ngoma. Ni nadra kumwona bila ngoma, na nakumbuka niliwaza jinsi alivyo mdogo.

"Vipimo vyangu viko wapi?"

"Mama, tuelewane," Bwana Fimbo akasema kwa upole. "Ngoma ni ya kutembelea. Watu hawakai kitini kusikiliza ngoma vipimo arobaini. Mgeni rasmi atadhani tumesahau wimbo."

"Aachwe adhani. Cha arobaini na moja atajua hatujasahau."

"Wapulizaji wenyewe wameshindwa kuhesabu. Uliwaona."

"Wafundishwe. Mimi nilizaliwa nahesabu?"

"Na ujue ngoma ikivuma sana hupasuka."

"Ikipasuka nitaiwamba. Hii nimeiwamba mara nne kwa mikono hii. Wewe hiyo fimbo yako ikivunjika utachonga nyingine?"

Watu wakaguna kwa kicheko, na hapo ndipo upole ulipomtoka.

"Na jina langu liko wapi?" shemeji akaendelea, ameshika ratiba.

"Bendi ni moja. Hatuandikani majina."

"La kwako limeandikwa."

"Mimi nimepanga!"

"Umepanga nini? Umekata."

Bwana Fimbo akaanza kuifuta fimbo yake, ambayo haikuwa na vumbi. "Sikiliza. Utapiga kama nilivyoweka alama, au Seremala atavaa ngoma kubwa na wewe utakaa kwa watazamaji. Chagua."

Wote tulijua wimbo ni wa nani. Mimi nilijua kuliko wote, maana vidole vyangu vilikuwa bado na wino wake. Na mimi, mwanamume mzima ninayeingia kwenye mashimo ya majitaka bila kukunja uso, niliinama nikachungulia ndani ya tuba yangu kana kwamba kuna kitu kimedondoka humo. Naandika hili ili niaibike vizuri, kwa sababu siku ile sikuaibika vya kutosha.

Tulirudi naye kwa miguu, na hakuniongelesha mpaka mlangoni kwake.

"Shemeji, wewe ulikuwepo nikiandika. Ulikabwa na nini kooni?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Nikifa najua utasimama useme vizuri. 'Marehemu alikuwa mpole, marehemu hakuwa na makuu.' Nakukataza tangu leo. Kama huwezi kunisemea nikiwa hai, nikishakufa funga mdomo."

Akaingia ndani. Kesho yake alimpelekea Bwana Fimbo ujumbe wa neno moja: nitapiga. Bwana Fimbo alifurahi, akasema mama yule ni muungwana. Mimi nilidhani wamemvunja, na nikakosa usingizi.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulikuwa unanuka rangi mbichi, na viti vya mbele vilikuwa bado na nailoni za dukani, kila mgeni akikaa vinalia. Mgeni rasmi alikata utepe, akahutubia, akapigiwa makofi, akakaa. Kwenye safu mbili za mwisho nikawaona madobi wa hospitali wakiwa na aproni zao, wametoroka kidogo kazini kuja kumwona mwenzao. Kule nyuma yetu wapiga ngoma watatu walisimama: shemeji, Seremala na matoazi yake, na karani wa maji kwenye ngoma ndogo. Hao watatu kama walikuwa na lao, waulizwe wenyewe. Mimi nazungumzia wapulizaji.

Bwana Fimbo akafuta fimbo, tukaanza. Nitasema bila haya kwamba tulipiga vizuri. Klarineti ziliteleza, tromboni zilisukuma toroli zao, na chini yetu ngoma zilitembea kwa hatua ya mtu anayejua anakokwenda. Nikaona mstari mwekundu unakaribia kwenye karatasi yangu. Vipimo vinne. Viwili. Kimoja. Nikajiambia kwa hasira, basi, yamekwisha, wameukata na wewe umewasaidia.

Ndipo zikaja mbili.

Zilikuwa nzito kuliko nilizowahi kuzisikia barabarani. Nilizipokea kwenye mbavu. Na wapulizaji ishirini na wanne, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, tukakata na kushusha vyombo kwa pamoja, safi kuliko tulivyowahi kukata maishani. Fimbo ya Bwana Fimbo ilishuka kutuingiza upande wa pili wa mstari mwekundu, ikashukia patupu.

Kwa pumzi moja ukumbi mzima ulinyamaza. Kisha karani wa maji akaanza kwenye ngoma ndogo, mapigo ya haraka yasiyochoka. Hiyo ilikuwa mashine namba moja. Matoazi ya Seremala yakaingia. Shemeji akaingia kwa mikono miwili, kila mkono na mwendo wake, na mmoja ulikuwa unachelewa.

Hadi hapo nakubali ilikuwa mazoea. Midomo yetu ilitii kabla ya vichwa. Lakini Bwana Fimbo hakukata tamaa, na huyo ndiye aliyetulazimisha kuchagua. Uso umemwiva, akanielekezea fimbo mimi, kwa kuwa tuba ikiingia wengine hufuata, akasema kwa midomo bila sauti: Besi! Ingia!

Nilimtazama machoni. Niliogopa, sitadanganya, mimi ni mfanyakazi wa manispaa na mwajiri wangu alikuwa kwenye kiti cha mbele. Lakini nilifurahi pia, furaha ambayo sijawahi kuipata kwa kupuliza. Niliilaza tuba mapajani, nikaweka vidole juu ya vali, na kwa kuwa vipimo vinne vilikuwa vimeshapita, nikahesabu kuanzia hapo jinsi wapiga ngoma wanavyohesabu, namba ya kipimo ikichukua nafasi ya moja. Tano, mbili, tatu, nne. Sita, mbili, tatu, nne. Nikatupa jicho pembeni. Klarineti midomo inacheza. Tromboni midomo inacheza. Hata saksofoni, wale wa mpira, walikuwa wameinamisha vichwa wanahesabu kwa vidole magotini.

Kwenye kipimo cha ishirini hivi ndipo safu za mwisho zilipolipuka. Dobi mmoja alisimama akapiga kelele, "Namba tatu! Jamani, hiyo ni namba tatu, inachelewa!" Wenzake wakasimama naye, wakacheka na kupiga makofi, wanaonyeshana kwa vidole: hiyo namba moja, hiyo namba nne. Watu wa viti vya nailoni waligeuka kutazama nini kimewapata. Madobi hawakukaa. Walikuwa wanausikia mchana wao wote, kazi yao yote, ndani ya ukumbi wenye mgeni rasmi, na mimi macho yalinijaa maji nikaogopa kupoteza hesabu.

Bwana Fimbo hakuwa anahesabu. Angehesabuje kitu alichokwisha kukifuta? Kwenye cha thelathini na nane alikisia, akainua mkono wote, akaushusha kwa nguvu. Hakuingia mtu. Saksofoni mmoja alianza kuinua chombo, jirani yake akamkandamiza goti. Thelathini na tisa. Mashine nne zilikuwa zinafukuzana, zinakaribiana. Arobaini, mbili, tatu, nne, na kwenye arobaini na moja zikakutana, puu, ngoma zote pigo moja, na sisi ishirini na wanne tukaingia pamoja juu yake, hakuna aliyetangulia, hakuna aliyechelewa. Fimbo ilikuwa imening'inia ubavuni mwa mwenyewe.

Alhamisi baada ya kazi kamati ya bendi ikaketi. Mwenyekiti alikuwa ofisa utumishi wa manispaa, mtu wa haraka mwenye saa kubwa. Katibu alikuwa binti mmoja mtulivu anayeandika mihtasari kwa herufi nzuri. Bwana Fimbo alikaa upande mmoja wa meza, shemeji upande wa pili, ametoka zamu moja kwa moja na aproni yake. Mimi niliitwa shahidi.

"Jambo ni moja," mwenyekiti akasema. "Mpiga ngoma alikaidi maelekezo ya kiongozi mbele ya mgeni rasmi. Akiomba radhi, yamekwisha, anabaki. Asipoomba, anakabidhi ngoma."

"Samahani, mwenyekiti," katibu akasema. "Kabla sijaandika. Wimbo wenyewe niandike wa nani? Kwenye ratiba hapa sielewi."

Bwana Fimbo akakohoa. Safari hii sikusubiri kuulizwa.

"Wa shemeji yangu," nikasema. "Wote, kutoka nota ya kwanza hadi ya mwisho. Mimi nilimfundisha alama tu, na siku ulipokatwa nilinyamaza. Naomba na hilo liandikwe."

Mwenyekiti akamgeukia Bwana Fimbo. "Ni kweli?"

Nimesema si mtu mbaya. Aliifuta meza kwa leso. "Alitunga yeye," akasema. "Ila kiongozi ni mimi."

"Hilo hakuna anayelibisha," shemeji akamwambia.

"Haya, mama," mwenyekiti akasema, akitazama saa. "Unaomba radhi?"

"Kwa lipi?"

"Kwa kupiga vile vipimo."

"Niombe radhi kwa kupiga nilichoandika? Hapana, baba. Siombi leo, na msiniwekee nafasi ya kesho."

Ngoma ile ilikuwa ya mumewe. Miaka kumi na tisa ilikuwa inamtoka mikononi, na alijua, na hakurudi nyuma hata hatua. Mwenyekiti akashusha pumzi, akamwashiria katibu. Binti akaandika muda mrefu kidogo, kisha akasoma:

"Mtunzi wa Zamu ya Asubuhi ameulizwa kama yuko tayari kuomba radhi. Mtunzi amekataa. Kamati imeamua kwamba mtunzi aondolewe kwenye bendi kuanzia leo."

Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua polepole.

"Soma tena."

"Mama, uamuzi haubadiliki," mwenyekiti akasema.

"Sijasema ubadilike. Nimesema asome tena."

Binti akasoma tena, taratibu zaidi. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, midomo ikicheza kidogo.

"Mtunzi umeliandika mara ngapi?"

"Mara tatu, mama."

"Lete kalamu."

Akasaini jina lake lote, la kwake na la baba yake na la mumewe, herufi kubwa zikapita nje ya mstari zikaingia kwenye nafasi ya mwenyekiti. Akairudisha karatasi mezani, akasimama, akajipangusa aproni.

"Nakala yangu nitaingoja hapa hapa, mwanangu," akamwambia katibu. "Na uigonge muhuri."